Anayetishiwa kwa Simu Asiachwe Peke Yake

Ukurasa huu ni wa afya. Umezoea kusoma hapa habari za malaria, lishe ya mama mjamzito, shinikizo la damu na usafi wa visima. Mwezi huu tumeona tuseme juu ya simu ya mwanafunzi wa chuo kikuu, na bila shaka wapo watakaouliza simu na afya vinakutana wapi. Vinakutana saa nane za usiku, kitandani, wakati kijana aliye mbali na kwao amekosa usingizi kwa sababu mtu asiyemjua amemwandikia kwamba kukicha tu, baba yake, shangazi yake na mwalimu wake wote watazipata habari zake. Hali hiyo ikiendelea kwa siku nne au tano, chakula hakipiti, darasani haendi, kichwa kinamuuma na tumbo linawaka moto. Akifika zahanati atapewa dawa ya tumbo na panadoli. Hatasema kilichomleta, kwa kuwa kinamtia aibu.

Sisi wa Pongwe hatuko mbali na mambo hayo kama tunavyodhani. Mzazi anayefanya kibarua kwenye machimbo ya mawe ya chokaa, au kwenye kiwanda cha saruji, au anayekata mkonge, au mwenye michungwa yake upande wa Muheza, humpakia mtoto basi la kwenda Dodoma, Morogoro au Dar es Salaam akiwa na sanduku lake na simu yake. Tunamwusia juu ya pombe, juu ya marafiki wabaya, juu ya kula vizuri. Simu hatuitaji. Wengi wetu tunaona kwamba mtoto anaijua simu kuliko sisi, basi tutamwambia nini? Ni kweli anaijua. Lakini matapeli wa mtandaoni hawashindani naye kwa ujuzi wa simu. Wanamshinda kwa hofu, kwa haraka na kwa aibu, na katika mambo hayo matatu mama aliyeuza na kununua gulioni kwa miaka thelathini anayo mengi ya kumfundisha mwanawe.

Maoni yetu tuyaseme mapema ili msomaji asihangaike kuyatafuta. Nenosiri gumu ni zuri, na tutaligusia. Ila kijana aliyekwisha kunaswa haokolewi na nenosiri. Anaokolewa na mtu wa kumweleza, mtu ambaye hatamkaripia kabla hajamaliza kusema. Tapeli anatumaini kwamba mtu huyo hayupo.

Tuanze na mikopo. Mwanafunzi anayelipiwa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu hupewa fedha ya chakula na malazi, ambayo ilipandishwa kuwa shilingi 10,000 kwa siku. Kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Fedha hiyo haitoki kila siku. Hutoka kwa mafungu, na wanafunzi wenyewe huiita bumu. Bumu likichelewa, au likitoka likaisha mapema (na tuseme kweli, jingine huishia kwenye viatu), kijana hubaki akipiga hesabu ya maharage. Kuomba nyumbani anaona haya, maana anajua kwamba mama aliuza mbuzi juzi tu kwa ajili ya ada ya mdogo wake. Hapo ndipo anapoliona tangazo kwenye simu: mkopo ndani ya dakika tano, hakuna dhamana, hakuna mdhamini.

Dhamana ipo, ila haikutajwa. Programu hiyo ya mkopo inapopakuliwa huomba ruhusa: isome majina na namba zote zilizohifadhiwa kwenye simu, isome ujumbe, ione picha, ijue mahali ulipo. Kijana hubonyeza kubali, kubali, kubali, kama anayefukuza nzi. Kabla hata hajaona senti, orodha nzima ya watu anaowafahamu duniani imekwenda kwa mtu ambaye hajui anakaa mji gani. Tuseme ameomba 100,000. Anaingiziwa 70,000, kwamba 30,000 ni gharama za huduma, na anatakiwa arudishe 100,000 baada ya siku saba. Piga hesabu mwenyewe: ni nyongeza ya karibu asilimia 43 ya alichopokea, kwa wiki moja. Mwenye duka wa hapa kwetu akikopesha sukari kwa masharti hayo hatapata mteja wa pili.

Siku ya nane simu zinaanza. Kwanza matusi kwake. Kisha ujumbe unaenda kwa mama, kwa mjomba, kwa mchumba, kwa kiongozi wa darasa, hata kwa fundi cherehani aliyemshonea sare miaka mitatu iliyopita: huyu mtu ni mwizi, amekimbia na fedha zetu, mwambieni alipe. Pengine na picha yake imewekwa. Hiyo ndiyo dhamana yenyewe. Kijana aliweka rehani jina lake, na jina la kwao, bila kujua. Watu mitaani wameipa mikopo ya jinsi hii jina la kausha damu, nasi hatuoni jina linaloifaa zaidi.

Haya si maneno ya kijiweni. Mwezi Agosti 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa wanaokopesha kwa njia ya kidijitali, na mwezi Novemba mwaka huohuo ikatangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu bila leseni wala kibali, ikawaonya wananchi wasizitumie. Kwa jirani zetu Kenya, mwezi Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu mbili za mikopo, faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya kwa kutumia majina na namba za watu iliyozipata kwa wengine, na kuwatumia ujumbe wa vitisho. Serikali zimeona, zimetenda. Lakini programu iliyofungiwa leo yaweza kurudi kesho ikiwa na jina jingine na rangi nyingine. Kwa sababu hiyo hatumshauri kijana akariri yale majina 69. Aulize kinyume chake: huyu anayetaka kunikopesha, yumo katika orodha ya wenye leseni ya Benki Kuu? Orodha hiyo iko hadharani. Na hata akiwa nayo leseni, mkopeshaji anayetaka kusoma majina yote ya simu yako anayatakia nini? Ukikopa kwa jirani, jirani hakuombi daftari la namba za ukoo wako.

Sasa tunapenda kusema nawe msomaji usiye mwanafunzi, uliyekaa hapa Pongwe na simu yako ya tochi au ya kupangusa. Ule ujumbe wa matusi hautumwi ili umfikie kijana. Yeye amekwisha kutukanwa. Unatumwa ili ukufikie wewe. Tapeli anajua kwamba ukiupata utafanya moja kati ya mambo mawili: utampigia mtoto kwa ukali, au utampelekea jirani ujumbe huo na kumwuliza, hivi umeyasikia ya mtoto wa fulani? Kwa vyovyote vile umemfanyia tapeli kazi yake, tena bila mshahara. Mtaa wetu ni mdogo. Jambo lililosemwa asubuhi kituo cha daladala huwa limefika sokoni kabla ya adhuhuri, na msichana aliye Dodoma atapigiwa simu na binamu yake jioni kuulizwa kama ni kweli ameiba.

Ukiupata ujumbe wa namna hiyo, usiupeleke popote. Usimjibu aliyeutuma, wala usimlipe hata kama unazo. Uhifadhi, kwa kuwa ni ushahidi. Kisha mpigie mtoto, na neno lako la kwanza liwe kumwuliza kama amekula na kama amelala. Habari ya fedha itafuata yenyewe. Tunasema hivi kwa sababu za afya kabisa. Mtu aliyekosa usingizi kwa siku kadhaa na anayeona kwamba jina lake limeharibika mbele ya watu wote hafikiri kama mtu aliyepumzika. Huona milango yote imefungwa. Sauti ya mzazi isiyokaripia huweza kumrudisha kwenye akili yake haraka kuliko kidonge chochote tunachokifahamu.

Wenye umri wetu wanakumbuka jinsi UKIMWI ulivyoingia nchini. Wagonjwa wa kwanza walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi iliyofuata watu walikufa chumbani, wamefichwa na ndugu zao wenyewe, kwa kuogopa midomo ya majirani. Kilichobadilisha hali kilikuwa dawa, ndiyo, lakini hata dawa zilipokuja hazikumfaa aliyeona haya kwenda kuzichukua. Utapeli wa simu si ugonjwa wa virusi, ila unaishi katika giza lilelile.

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo ni picha. Mwezi Machi 2022 katika jimbo la Michigan, Marekani, mvulana wa sekondari mwenye umri wa miaka 17 aliandikiwa na msichana mzuri kupitia Instagram. Walizungumza, msichana akatuma picha, akaomba naye atumiwe. Mvulana akatuma. Papo hapo msichana akageuka: toa fedha, la sivyo picha hii wataiona wazazi wako na shule nzima. Alituma dola 300. Wakataka nyingine. Kabla ya kupita saa sita tangu mazungumzo yaanze, kijana yule alikuwa amejiua. Msichana hakuwepo. Walikuwa ndugu wawili wa kiume wa Lagos, Nigeria, waliokuwa wakitumia akaunti iliyoibwa. Walipelekwa Marekani, wakakiri makosa, na Septemba 2024 kila mmoja akahukumiwa kifungo cha miaka 17 na miezi 6.

Tumeisimulia habari hiyo ya mbali kwa sababu ya zile saa sita. Wazazi wengi hudhani kwamba mtoto mwenye shida ataonyesha dalili kwa wiki kadhaa nao watapata nafasi ya kuziona. Dalili zipo: anazima simu mbele za watu, anaomba fedha ndogondogo bila sababu ya kueleweka, anafuta akaunti zake, hataki kuja likizo. Ila mara nyingine mambo yote huanza na kwisha kati ya chakula cha jioni na alfajiri. Mtu wa kumweleza hawezi kutafutwa usiku ule. Lazima awe alikwisha kujulikana kabla.

Na kumbuka kwamba alilipa. Kulipa hakukumsaidia, wala hakujawahi kuwa dawa. Anayelipa mara moja amemwonyesha tapeli kwamba anazo fedha na anaogopa, na hayo mawili ndiyo aliyotaka kujua. Asilipe. Asibishane naye. Asifute mazungumzo, ijapokuwa mkono utamwasha ayafute. Apige picha ya kioo cha simu, ahifadhi namba na jina la akaunti, kisha ndipo amfungie.

Hapa kwetu si lazima adui atoke Lagos. Mara nyingi ni mchumba wa jana. Picha zilizotumwa wakati wa mapenzi hutolewa wakati wa ugomvi, zikaingia kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram ambako vijana huziita koneksheni. Tumewasikia vijana wa kiume, watoto wa watu wenye heshima zao, wakiulizana kama fulani anayo koneksheni ya msichana wa chuo fulani, kama wanaoulizana matokeo ya Coastal Union. Wasichojua ni kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo, haimtafuti yule wa kwanza peke yake. Kifungu cha 14 kinamhusu yeyote anayechapisha ponografia kwa njia ya kompyuta, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote viwili. Kifungu cha 23 kinahusu kumtisha au kumwonea mtu kwa njia ya mtandao: faini isiyopungua milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Simu nayo ni kompyuta mbele ya sheria hiyo. Kijana anayebonyeza kitufe cha kusambaza kwa ajili ya kucheka tu anachezea miaka saba.

Mwezi Agosti 2024 nchi nzima iliona jinsi kusambaza kulivyo ukatili wa pili. Video ya binti wa Yombo, Dar es Salaam, aliyefanyiwa unyama na kundi la wanaume, ilizunguka katika simu za watu kwa siku nyingi. Wanne kati ya washtakiwa walihukumiwa kifungo cha maisha jela mjini Dodoma tarehe 30 Septemba mwaka huo. Lakini wangapi waliipeleka mbele video ile, wakiongeza maneno ya kusikitika chini yake? Kusikitika hakuhitaji video. Aliyetendewa ni mtu, ana mama, na kila aliyeipokea na kuituma tena alimvua nguo upya.

Tungependa pia askari polisi, ambao wengi wanafanya kazi hii kwa moyo, wampokee msichana anayekuja na shtaka la picha kama mlalamikaji. Msichana anayejua kwamba swali la kwanza dawatini litakuwa kwa nini ulipiga picha hizo, hatakwenda. Atalipa. Akikosa cha kulipa, Mungu apishe mbali. Dawati la Jinsia na Watoto liliwekwa katika vituo vya polisi ili watu wa namna hii wapate pa kusemea faraghani, na ni haki yake kuliulizia anapofika kituoni. Iko pia huduma iitwayo StopNCII, iliyoanzishwa Desemba 2021 kwa wenye miaka 18 na zaidi. Simu yako yenyewe huitengenezea picha ile alama kama ya kidole. Picha haitoki kwenye simu yako, inakwenda alama tu, na kampuni zilizojiunga, zikiwemo Facebook, Instagram na TikTok, huitumia alama hiyo kuizuia picha isipandishwe kwao. Haiwezi kuifuta picha kwenye simu ya mtu wala kuizuia katika kila kundi. Hata hivyo ni jambo ambalo mwathirika anaweza kulifanya usiku uleule, bila kumwona mtu, naye akalala akijua kwamba amefanya kitu.

Utapeli mwingine tuupitie haraka kwa sababu wasomaji wengi wameuonja. Ile hela itume kwenye namba hii. Mimi mwenye nyumba wako, kodi lipia huku. Jiunge na Freemason upate utajiri kwa siku tatu (hawa wana moyo, maana wamewaandikia hata mapadre). Kwa mwanafunzi hatari zaidi ni yule anayejifanya rafiki na kusema, nimekosea, namba sita zimeingia kwenye simu yako, nisomee tafadhali. Namba hizo sita ni ufunguo wa WhatsApp yako. Ukimsomea, ndani ya dakika kumi atakuwa anawaomba fedha ndugu zako kwa jina lako. Kinga yake ni kuweka ile hatua ya pili ya uthibitisho katika mipangilio ya WhatsApp, namba ya siri ya kwako mwenyewe, isiyo mwaka wa kuzaliwa.

Kwa mkoa wetu wa Tanga uko na mtego wa ajira. Bomba la mafuta ghafi la kilometa 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia hapa Chongoleani, na penye mradi mkubwa matapeli hufuata kama kunguru wanavyofuata dagaa. Tangazo lina nembo nzuri, lina saini, lina mshahara unaotia kizunguzungu, na mwishoni mhitimu anaombwa atume elfu thelathini za fomu au za kupimwa afya. Mwajiri wa kweli hamtozi mtu fedha ili ampe kazi. Basi.

Na laini za simu. Tangu usajili wa alama za vidole ulipoanza Mei 2019, laini imefungwa na kitambulisho chako cha taifa. Wapo mawakala wa barabarani wasio waaminifu ambao humwambia mteja aweke kidole tena, kwamba mara ya kwanza hakikusoma, kumbe mara ya kwanza kimesajili laini nyingine itakayotumika kutapeli watu kwa jina lake. Bonyeza *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwenye duka la kampuni husika iondolewe. Na ujumbe wa utapeli usiufute kwa hasira: upeleke kwenye namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano, kisha utaulizwa namba ya tapeli, uitume. Ni kazi ya dakika moja.

Kuhusu programu za mikopo zinazotangaza majina ya watu, ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Malalamiko yapelekwe huko, hata na yule aliyetumiwa matusi tu bila kukopa, kwa sababu namba yake nayo ilichukuliwa bila ridhaa yake. Tunajua ni safari ndefu kwa mtu wa Pongwe kuiandikia Tume. Lakini sheria isiyotumiwa na walioumizwa hubaki kupamba kabati.

Kuna wazazi watakaosema dawa ni kumnyang'anya mtoto simu. Hatukubaliani nao. Mwanafunzi wa chuo leo hujisajili kwa simu, huomba mkopo wa Bodi kwa simu, hupokea maswali ya mwalimu kwa simu, na bumu lenyewe hutangazwa kwa simu. Kumnyima simu ni kumwondoa chuoni. Tena mtoto aliyekwisha kutishwa kwamba akiharibu atanyang'anywa simu ndiye atakayeficha zaidi siku atakaponaswa. Kadhalika hatukubaliani na wanaosema yaliyompata kijana ni matunda ya tabia yake, aachwe avune. Mgonjwa wa kipindupindu aliyekunywa maji ya mtoni hatumwachi afe kwa sababu tulimwambia achemshe. Tunampa maji ya chumvi na sukari kwanza, mengine baadaye.

Deni lililo halali lilipwe, kidogokidogo, kwa makubaliano, hilo halina mjadala. Lakini lijadiliwe mchana, watu wakiwa wameketi, na mjomba mwenye busara akiwepo.

Kijana akisema maneno kama afadhali nisiwepo, au nimechoka kuishi, au akianza kugawa vitu vyake, usimwambie aache utoto, wala usiogope kumwuliza wazi kama anafikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo. Akikubali kwamba ndiyo, asiachwe peke yake hata kidogo. Walio naye karibu chuoni wakae naye, waondoe dawa na vitu vya hatari chumbani, wamjulishe mshauri wa wanafunzi, wamfikishe hospitali. Akiwa huku nyumbani, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo haiko mbali, na daladala za mjini zinapita hapo barabarani tangu alfajiri. Mweleze mganga ukweli wote, pamoja na habari ya simu, ili asitibu tumbo peke yake.

Vyuo vingi hufungua mwaka wa masomo kati ya Oktoba na Novemba, kwa hiyo muda wa kuzungumza upo kabla ya kukata tiketi. Mwite mwanao barazani. Mwambie kwa maneno yako mwenyewe kwamba siku akitishiwa na mtu, kwa picha, kwa deni au kwa lolote, akupigie hata kama ni saa nane usiku, na kwamba usiku huo hutauliza kosa ni la nani. Kama unajijua kuwa una hasira za karibu, mchagulie mwingine mbele yake: shangazi, mjomba, padre, shehe wa mtaa, mwalimu wake wa zamani, mtu ambaye nyote wawili mnamwamini. Kisha aandike namba mbili kwenye karatasi, yako na ya huyo mwingine, aiweke ndani ya kitambulisho chake cha chuo, maana siku hiyo simu huenda ikawa imezimwa, au imefungwa na walioiingilia, na namba za kichwani siku hizi hakuna anayezikumbuka.